Hondohondo Jike na Mlango wa Tope

Aliyemletea Naetwe habari ile kwanza alikuwa Shorwe. Alimletea asubuhi, mvua za vuli zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, naye Naetwe amelalia mayai mawili ambayo hayajatimiza hata wiki.

Siku hizo hondohondo jike alikuwa hajifungii. Leo mtu akipita msitu wa milimani akaliona tundu la mti limezibwa kwa tope, limebaki ufa mwembamba tu, na dume nje anahangaika kupenyeza tunda kwenye ufa huo, hudhani ndivyo walivyoumbwa. Sivyo. Zamani tundu la hondohondo lilikuwa na mlango wazi kama la ndege mwingine yeyote. Jike alitoka alipotaka na kurudi alipotaka, na dume vivyo hivyo, na mayai waliyalalia kwa zamu. Mambo yaliyoleta tope yalianzia kwenye nyumba moja, na nyumba hiyo ilikuwa ya Naetwe na mumewe Senkondo.

Naetwe alikuwa hondohondo mpole, mwenye haya, asiyeweza kupaza sauti mbele ya wengi. Senkondo alikuwa kinyume chake. Pembe iliyokaa juu ya mdomo wake ilikuwa kubwa kuliko ya dume yeyote wa bonde lile, na alipoita, sauti ilivuka ng'ambo ikarudi. Ndege walipokuwa na shauri, yeye ndiye aliyeombwa kusema, na hakuna aliyekumbuka siku aliyoshindwa. Naetwe aliolewa naye akiona fahari. Fahari hiyo ilidumu mpaka alipogundua kwamba mume wake hakuwa akiiacha kazi ya kushinda kule barazani. Alirudi nayo nyumbani.

Mwaka uliotangulia walikuwa na mayai matatu, na yote yalipotea. Siku hiyo Naetwe alichelewa kurudi, Senkondo akatoka kumlaki kwa maneno, na ugomvi ukawachukua kutoka tawi hadi tawi, kutoka mti hadi mti. Waliporudi, kima alikuwa ameshakula na kwenda zake, amebakiza maganda. Hawakulizungumza tena jambo lile. Lakini mwaka huu, kila alipoyageuza mayai yale mawili kwa ncha ya mdomo, Naetwe alijiambia kwamba haya hayatapotea, hata iweje.

Basi Shorwe akaja. Alikuwa ndege mdogo mwenye kishungi kichwani na manyoya ya njano chini ya mkia, na ulimi wake ulikuwa haujui kupumzika. Alitua ukingoni mwa mlango, akachungulia ndani.

“Hodi, shoga. Uko peke yako?”

“Niko na mayai yangu. Karibu.”

“Sikai. Nimekuja tu kwa sababu wewe ni mtu wangu, nisingependa uyasikie kwa wengine. Kule mkuyuni wanasema una mwenzio.”

“Mwenzangu gani?”

“Shoga nawe. Mwenzio. Wanasema Fundi Kigong'ota.”

Kigong'ota ndiye aliyelichonga tundu lile. Hondohondo, pamoja na mdomo wake mkubwa wote ule, hawezi kutoboa mti mzima. Humwomba fundi, au huhamia tundu lililoachwa na mwingine. Mwezi uliopita Naetwe alimwendea fundi kumwomba aupanue mlango kidogo, maana pembe ya Senkondo ilikuwa ikikwaruza kila anapoingia. Kigong'ota alikuja, akafanya kazi siku mbili, akaondoka. Walizungumza, ndiyo. Naetwe alimuuliza anajuaje mti wa kutoboa, naye akamjibu huku akiendelea na kazi: “Nagonga, shemeji, halafu nanyamaza nisikilize. Mti mzima hujibu kwa kifupi. Ulioliwa ndani ndio unaovuma. Wengi wakisikia ule mvumo hudhani ni nguvu ya mti.” Hayo ndiyo yote waliyozungumza.

“Nani anayesema hivyo?” Naetwe akauliza.

“Nani asiyesema? Ninga anasema, Kwarara anasema. Mimi naondoka, shoga, usiseme nimekuambia mimi.”

Senkondo aliporudi mchana ule, hakuwa na tunda mdomoni. Alikaa kwenye tawi linaloelekeana na mlango, akamtazama mkewe kwa jicho moja, kisha akageuza kichwa akamtazama kwa jicho la pili.

“Tangu fundi ahamie mteremko huu,” akasema, “wewe unaimba asubuhi. Kabla hajaja ulikuwa huimbi.”

Naetwe akafikiri. Kuimba aliimba kweli. “Mvua zimeanza, bwana. Naimba kila mwaka mvua zikianza.”

“Mvua zimeanza, na fundi amekuja. Kipi kilitangulia?”

“Fundi.”

“Haya basi.”

Alilitamka lile “basi” kama mtu anayetia nanga, akaruka. Naetwe akabaki na joto usoni. Alijua hakufanya kitu. Hata hivyo alijiona ameshindwa, na hakuweza kusema ameshindwa wapi. Hilo lilimuuma kuliko tuhuma yenyewe. Alianza hata kujihoji: labda naimba sana. Labda nilicheka fundi aliposema lile neno.

Siku zilizofuata zilikuwa za namna hiyo. Wivu ulikuwa umemwingia Senkondo, na kwa kuwa alikuwa msemaji, wivu wake ulikuja umevaa hoja. Siku moja alisema, “Unanificha jambo.” Naetwe akamuuliza ni jambo gani. “Ningelijua, lingekuwa limefichwa?” Akamuuliza tena, sasa amejuaje kwamba lipo? Senkondo akamtazama kwa masikitiko, kama anayemwonea huruma. “Kwa sababu unalificha,” akasema.

Siku nyingine alikiri kwamba amekuwa akimfuata kwa macho toka mlangoni kila anapotoka kula. “Siku tatu nimekufuata, na sijaona kitu.”

“Basi moyo wako umetulia.”

“Utulie? Mke anayekosea kidogo huonekana, Naetwe. Wewe umefika mahali huonekani kabisa.”

Naetwe akajaribu kumrudisha kwenye lililo muhimu. “Bwana, tukibishana hivi mayai yanapoa. Ingia uyalalie, au niache niyalalie mimi.”

“Wewe ndiye wa kunifundisha habari za mayai? Wewe uliyepoteza matatu?”

Hapo Naetwe alinywea kabisa. Usemi huo ulikuwa na nguvu kwa sababu ndani yake mlikuwa na kidonda cha kweli, na Senkondo alijua kilipo.

Lakini kulalia mayai ni kazi ya kukaa kimya muda mrefu, na anayekaa kimya muda mrefu hufikiri, apende asipende. Senkondo akishaondoka, Naetwe aliyachukua maneno yake moja moja, akayapitia upya bila ile sauti kubwa. Alianza na lile la kuimba. Fundi alikuja, kisha mimi nikaimba. Sawa. Fundi alikuja, kisha Kwarara akavunjika kucha. Fundi alikuja, kisha uyoga ukaota kwenye gogo lililoanguka. Je, fundi ndiye aliyeuotesha uyoga? Naetwe akacheka peke yake juu ya mayai, kwa mara ya kwanza tangu vuli ianze. Neno lile lilipogongwa lilivuma. Kitu kuja nyuma ya kingine si sawasawa na kuletwa nacho.

Akaligonga na lile la mayai matatu. Lilimchukua muda zaidi, maana kila alipoligusa liliuma. Lakini mwisho aliona. Hata ningekuwa nimepoteza mayai mia, akawaza, haya yaliyo chini yangu yakiachwa yanapoa. Baridi haiulizi aliyesema ni nani. Senkondo hakujibu nilichosema, alinijibu mimi.

Kadiri alivyozoea kazi hiyo, ndivyo hofu ilivyompungua. Kulikuwa na jambo moja tu lililobaki limesimama imara, na Senkondo alilijua, kwa hiyo alilirudia kila siku. “Wote wanasema, Naetwe. Mkuyu mzima. Wote wamekosea, wewe peke yako ndiye uko sawa?” Hilo aliligonga, akasikiliza, na hakusikia mvumo. Ndege wote wa mkuyuni wangewezaje kukosea kwa pamoja?

Ilipofika zamu yake ya kutoka, hakwenda kwenye mti wake wa siku zote. Alikwenda mkuyuni, mahali asipopenda kwenda kwa sababu ya wingi wa macho. Alimkuta Ninga akila, akamsalimu, akasimama kidogo akikusanya ujasiri.

“Ndugu yangu Ninga, nasikia unasema habari zangu na za fundi. Sijaja kugombana. Uliona nini?”

Ninga aliacha kudonoa. “Kuona sijaona, mama. Nilisikia kwa Kwarara.”

Kwarara alikuwa chini, anachokonoa majani makavu. Alisema yeye alisikia kwa Shorwe, na kwamba aliamini kwa sababu Ninga naye alikuwa anasema. Naetwe akamweleza kwamba Ninga amesikia kwake. Kwarara akafikiri. “Basi sijui,” akasema, akaendelea kuchokonoa.

Akamtafuta Shorwe, akamkuta kwenye tawi la juu, anajichana manyoya.

“Shoga, wewe ulisikia kwa nani?”

“Nilikwambia usinitaje.”

“Sijakutaja. Ulisikia kwa nani?”

Shorwe akazungusha kichwa huku na huku. “Kwa mumeo mwenyewe. Alikuja akaniuliza kama nimesikia lolote juu yako na fundi. Nilikuwa sijasikia. Ndipo nikawauliza wenzangu kama wamesikia.”

“Nao walikuwa wamesikia?”

“Nilipowauliza, ndiyo.”

Naetwe alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mkuyu mzima uliokuwa ukimshuhudia ulikuwa ni sauti moja tu, ya mume wake, imezunguka mti na kumrudia Senkondo mwenyewe, akaipokea kama ngeni. Hapo angeruka arudi nyumbani, amweleze Senkondo, na huenda leo hondohondo wangekuwa na milango wazi. Lakini aliuliza swali moja zaidi.

“Alikuja lini?”

“Ah, asubuhi. Huwa anakuja asubuhi.”

“Huwa?”

Shorwe akaokota tunda, akawa na shughuli nalo.

Naetwe alirudi nyumbani na lile “huwa”. Alikuwa amekwenda kutafuta haki yake na ameipata, lakini njia nzima hakuikumbuka. Huwa anakuja asubuhi. Asubuhi anaposema anakwenda kutafuta matunda. Ndiyo maana siku hizi anarudi mdomo mtupu. Na Shorwe anayajuaje mambo ya nyumba yangu? Na zile njano zake za mkiani, kila akitua anazitandaza makusudi. Tangu azoeane na mume wangu, mume wangu hanipendi. Naetwe alihisi kitu kikimchoma chini ya mbavu, kama ameumeza mwiba wa mchongoma, na kila alipovuta pumzi mwiba ukasogea.

Senkondo alikuwa ndani, amelalia mayai. Naetwe hakumweleza habari ya Ninga wala Kwarara.

“Unakwenda kwa Shorwe asubuhi,” akasema.

“Nakwenda kuuliza habari zako.”

“Hivyo ndivyo unavyosema.”

“Hakuna kitu, Naetwe. Shorwe ni kifaranga tu kwangu.”

“Kama hakuna kitu, mbona umekimbilia kusema hakuna?”

Aliposema hivyo alisikia sauti yake, na ilikuwa kama ya mtu anayemfahamu. Lakini mwiba ulikuwa unamuuma, na maneno yale yalimpa nafuu kidogo, kwa hiyo hakuyachunguza. Senkondo naye alifurahi, ingawa hakuonyesha. Alimwona mkewe ana wivu, na mwenye wivu kwa desturi yake hupenda kuuona kwa mwenzake.

Kesho yake, zamu ya kulalia ikiwa ya Naetwe, Senkondo aliruka mapema. Naetwe alikaa juu ya mayai akisikiliza mabawa ya mumewe, ambayo huvuma kama upepo kwenye ufa, yakielekea mkuyuni. Si kwenye matunda. Mkuyuni. Akajizuia. Akayageuza mayai. Akajizuia tena. Kisha akajiambia nitachungulia tu, nirudi kabla hayajapoa, akatoka.

Alijificha kwenye majani mazito ya mti uliopakana na mkuyu. Senkondo alikuwa pale, na Shorwe alikuwa tawi la pili, anasema kwa haraka, na Senkondo anasikiliza. Basi. Shorwe akasema, akala, akasema tena. Senkondo akauliza jambo, akajibiwa. Naetwe akangoja. Jua likatoka kwenye majani ya juu likashuka kwenye majani ya kati, naye bado anangoja. Hakuona bawa lililogusa bawa. Hakuona hata jicho lililokonyezwa. Akawaza: wamejua nipo, ndiyo maana wanajizuia. Wamekuwa hodari kiasi kwamba mtu hawezi kuona kitu.

Wazo hilo lilipomaliza kupita kichwani, Naetwe alilisikia likivuma. Lilikuwa lile lile la Senkondo, neno kwa neno: sijaona kitu, basi kimefichwa vizuri. Akayageukia na mengine aliyoyawaza tangu jana, na yote yalikuwa hivyo hivyo, matupu, kutoka Shorwe kuzoeana na mumewe mpaka njano za mkiani. Alikuwa ameyatambua maneno haya yalipotoka kwenye mdomo wa mwingine. Yalipoota ndani mwake alikuwa ameyaita ukweli.

Ndipo alipokumbuka jua lilikuwa wapi alipotoka.

Aliruka bila kujali nani anamsikia. Senkondo alisikia mabawa, akayatambua, akashtuka kwamba mkewe hayuko nyumbani, na kwa kuwa akili yake ilikuwa na njia moja tu, akamfuata aone anakwenda kwa nani. Wakafika karibu kwa pamoja. Mkia mrefu wa kima ulikuwa unaning'inia chini ya mlango wao, na mkono wake mmoja ulikuwa ndani mpaka begani.

Walimpiga kwa midomo, huyu upande huu na yule upande ule, mpaka akaachia na kuteremka akipiga kelele. Kwenye nyasi chini palikuwa na ganda lililopasuka. Ndani ya tundu lilibaki yai moja, limesukumwa pembeni, baridi. Naetwe aliingia akalifunika kwa mwili wake wote, akakaa hivyo mpaka akahisi limeanza kupata joto. Hakujua kama ni joto la uhai au ni lake tu.

Senkondo alisimama mlangoni. Hofu ilipomtoka, desturi ikarudi.

“Ulikuwa wapi?”

“Mkuyuni.”

Senkondo alikuwa amejiandaa kusikia mkewe anakana. Jibu lile lilimwacha ameinua mguu, hana pa kukanyaga.

“Nilikufuata wewe,” Naetwe akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. “Nilikuona na Shorwe, na sikuona kitu kibaya, na kwa sababu sikuona nikadhani mmekificha. Nikaacha mayai. Nimekosa.”

“Kumbe unakiri uliyaacha.”

“Nakiri. Na mwaka jana tuliyaacha sisi wawili. Sasa nijibu na wewe neno moja. Ninga alisikia kwa Kwarara, na Kwarara kwa Shorwe. Shorwe alisikia kwa nani?”

Senkondo akageuka akatazama nje, upande wa mkuyuni. Naetwe hakufurahia. Alijua hata kama Senkondo ameishiwa na hoja, wivu haujaisha, kwa sababu wake mwenyewe ulikuwa haujaisha. Alikuwa ameutambua kwamba ni mtupu, naye bado alikuwa anauhisi chini ya mbavu.

Mwishowe Senkondo akasema kwa hasira ya aliyeshindwa, “Basi chagua. Kaa ndani usitoke, nami nitakuamini. Au toka, na usirudi.”

Siku chache nyuma Naetwe angelia, akachagua. Sasa alinyamaza, akalisikiliza hilo nalo. Njia mbili. Nani aliyesema ziko mbili? Alizihesabu yeye aliyezikata. Naetwe hakutaka kuaminiwa wala kufukuzwa. Alitaka yai lile lipate joto siku zake zote bila kuachwa, iwe kwa wivu wa Senkondo au kwa wivu wake. Njia ya kulifikia hilo haikuwa kwenye zile alizopewa.

“Nitakujibu kesho,” akasema.

Asubuhi ilipokucha, alimwomba mumewe amletee tope kutoka kando ya kijito. Senkondo hakuuliza sana. Alidhani mkewe amechagua kukaa ndani, na kwamba ameshinda hata safari hii, kwa hiyo alileta tope kwa moyo mmoja, bonge baada ya bonge. Naetwe alilipokea kwa ndani, akalichanganya na uchafu wa matunda, akalipaka ukingoni mwa mlango, akalipigapiga kwa ubavu wa mdomo mpaka likashika. Mlango ukawa mdogo. Ukawa mdogo zaidi. Senkondo alileta bonge la mwisho, akakuta tundu limebaki ufa usiozidi upana wa ncha ya mdomo. Hapo ndipo akili ilipomjia.

“Naetwe, utakula nini?”

“Utakacholeta.”

“Kila siku?”

“Nakula kila siku.”

Senkondo akahangaika kwenye tawi. “Na nitajuaje uko peke yako humo?”

“Ingia utazame,” Naetwe akasema.

Alijaribu kweli. Pembe yake ikagonga tope, akarudi nyuma. Akaona kwamba hawezi kuingia, na kwamba hakuna mwingine awezaye, si fundi wala kima. Mambo yote aliyokuwa akimuuliza Naetwe tangu vuli ianze, ukuta ule ulikuwa umeyajibu bila kusema, na hakubakiwa na kitu cha kubishania ila njaa ya mkewe. Akaruka kwenda kutafuta matunda.

Na tangu siku hiyo hondohondo jike akikaribia kutaga hujifungia kwa tope kutoka ndani. Dume humlisha kupitia ufa, tangu kunapambazuka mpaka jua linazama, na siku haimwachii nafasi ya kukaa mkuyuni akiuliza habari. Na jike hutoka siku anayoona mwenyewe inafaa, mtoto akishaota manyoya; huuvunja ukuta kwa mdomo wake, wala hangoji kufunguliwa. Wenye kupita msituni wakiona wanasema dume ana wivu, amemfungia mkewe. Hawajaangalia tope limepakwa kutoka upande gani.

Asubuhi ile ya kwanza, ukuta ukiwa bado mbichi, Naetwe alifanya jambo moja zaidi, ambalo Senkondo hakuliona. Alinyofoa manyoya marefu ya mabawa yake, yale ambayo bila hayo hawezi kuruka, moja moja, akalitandikia yai. Alikuwa bado anayatandaza aliposikia nje sauti ya Shorwe, na sauti ya Senkondo ikimjibu, na kicheko kifupi ambacho hakujua ni cha nani. Kile kitu chini ya mbavu kikasogea. Alisogea mpaka ukutani, akaweka jicho kwenye ufa, lakini ufa ulionyesha majani tu. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akarudi, akaligeuza yai upande wa pili, akalilalia.